Renda zako za majengo zinaonekana za kompyuta? Kabla ya kubadilisha programu pitia uzi huu

Kivuli Laini (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu.

Kila nikipita humu nakuta mtu kaweka renda ya nyumba, yaani picha iliyotolewa na kompyuta kutoka kwenye modeli ya 3D, na chini yake kauliza: "Kwa nini yangu haifanani na picha halisi? Nihamie programu gani?" Majibu ni yale yale. Hamia hii, nunua kadi ya michoro ile, pakua miti ya bei mbaya. Nimeona niandike kwa kirefu, kwa sababu wanaoanza wanapotezewa muda mwingi na ushauri huo, na wengine wanaiacha kazi hii wakiwa wamebakiza hatua chache tu.

Msimamo wangu nautaja mapema. Injini karibu zote kubwa za leo, yaani programu zinazokokotoa mwanga na kutoa renda, zinaweza kutoa picha ambayo huwezi kuitofautisha na ya kamera. V-Ray, Corona, Cycles iliyo ndani ya programu ya 3D ya Blender, zote zinafanya hesabu ya ukoo mmoja: mwale wa mwanga unagonga ukuta, unaruka, unagonga sakafu, unaruka tena, kila mara ukipungua na kubeba rangi kidogo ya ulichogonga. Hesabu hiyo James Kajiya aliichapisha mwaka 1986, na mpaka leo ndiyo msingi. Cycles tumepewa bure tangu 2011. Kwa hiyo picha yako ikionekana ya plastiki, ujue injini imekokotoa vizuri tu, ila imepewa chumba ambacho hakipo duniani: ukuta mweupe kupita karatasi, jua lisilo na anga, kona zisizo na unene wowote, kamera iliyoning'inia karibu na dari. Imekurudishia kwa uaminifu picha ya chumba hicho.

Dawa ninayoiamini ni moja, na ndiyo nataka tuijadili: nakili picha halisi. Tafuta picha moja ya chumba iliyopigwa kwa kamera, kisha kijenge chumba hicho hicho na ukirende mpaka ukiziweka picha mbili ubavu kwa ubavu, mtu asiyejua asite kidogo. Usibuni chochote. Ukirenda nyumba uliyobuni mwenyewe huna cha kulinganisha nacho. Ukuta ukiwa mweupe mno, nani atakwambia? Macho yako yameshinda na picha hiyo mchana kutwa, yameshaizoea. Picha halisi haikubembelezi. Kivuli cha chini ya kabati pale ni cheusi na chako ni kijivu, basi. Tofauti umeiona kwa macho yako na unaanza kutafuta chanzo.

Chagua picha ya kawaida kabisa. Chumba chenye dirisha moja au mawili, mchana, vitu vichache, ukuta uliopakwa rangi, sakafu ya mbao au vigae. Picha za usiku zenye taa kila kona ziache kwanza, pamoja na mabwawa na kuta za vioo vitupu. Siku ya mawingu inafundisha zaidi ya siku ya jua kali, kwa kuwa mwanga wote unaingilia dirishani na unaweza kuufuata kwa jicho unavyopungua kuelekea ukuta wa nyuma.

Anza na kamera. Kuna programu ndogo ya bure inaitwa fSpy: unaipa picha, unalaza mistari juu ya kingo zinazoelekea upande mmoja na zile zinazoelekea upande mwingine, nayo inakokotoa lenzi na mahali kamera ilipokaa. Blender inalipokea faili lake kwa nyongeza maalumu. Vipimo vya chumba utavitoa kwenye vitu ambavyo havibadiliki sana: mlango kwenda juu ni mita 2 na kitu, kiti toka sakafuni hadi pa kukalia ni sentimita 45 hivi, meza ya kulia 75, kaunta ya jiko karibu 90, kila kidato cha ngazi 15 hadi 18. Vipimo vikiwa vya kweli, mengi yanajipanga yenyewe. Vikiwa vya kubahatisha, hata mtu asiyejua ujenzi anahisi kuna kitu hakijakaa sawa, ingawa hawezi kukitaja.

Halafu paka kila kitu kijivu. Kila kitu, mbao, kitambaa, chuma, vyote viwe kijivu kimoja kinachoakisi takriban nusu ya mwanga. Vioo vya madirisha vitoe kabisa kwa sasa. Weka anga nje, na jua kama picha ina jua. Renda. Kisha igeuze ile picha halisi iwe nyeusi na nyeupe na uziweke pamoja.

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi wanaruka. Usiangalie ubora wa jumla. Angalia sehemu tatu nne kwa ukaribu. Kona ya juu, dari inapokutana na kuta mbili: kwenye picha halisi kila upande una kijivu chake, na pale pembeni pana giza jembamba linaloyeyuka taratibu. Fremu ya dirisha upande wa ndani: ina giza kuliko ukuta unaoitazama, ingawa iko karibu kabisa na mwanga, kwa sababu yenyewe imeupa mwanga mgongo. Miguu ya kiti inapogusa sakafu: kuna mstari mweusi mwembamba sana pale mguso ulipo; usipokuwepo, kiti kinaelea. Na ukuta wa nyuma: umepungua mwanga kiasi gani ukilinganisha na ukuta wa karibu na dirisha? Ukilingana na picha halisi kwenye hizo sehemu ukiwa bado na kijivu kitupu, umeshamaliza zaidi ya nusu ya safari. Rangi na mbao zitakuja kukaa juu ya kitu kilichosimama.

Neno moja kuhusu jua. Jua halitoki kwenye nukta. Ukiwa hapa duniani unaliona lina upana wa takriban nusu nyuzi, na ndiyo maana vivuli vyake haviko sawa kila mahali. Kitu kilicho mita 1 kutoka ukutani, ukingo wa kivuli chake una ukungu wa kama milimita 9. Kikiwa mita 5, ukungu unakaribia sentimita 5. Kwa hiyo kivuli cha kizingiti cha dirisha kinaweza kuwa kikali huku cha tawi la mti wa nje kimefifia, ndani ya chumba kimoja. Kagua mpangilio wa jua kwenye injini yako. Kama ukubwa wake umewekwa sifuri, vivuli vyote vitakuwa vikali sawasawa, na jicho linakataa hapo hapo.

Niishie hapa nisikie kutoka kwenu.

---

Mwanafunzi wa Ramani

Mkuu asante sana kwa uzi huu. Nimejaribu hiyo ya kijivu. Chumba kimekuwa giza totoro, dirisha tu ndilo linawaka. Nikaongeza taa mbili zisizoonekana karibu na dari, kikapata mwanga lakini sasa vivuli vimepotea. Nakosea wapi?

---

Kivuli Laini

> Nikaongeza taa mbili zisizoonekana karibu na dari

Zitoe hizo taa leo hii. Zinafuta mteremko wa mwanga ninaouzungumzia, ule unaotoka dirishani kwenda nyuma.

Fikiria ukubwa wa tofauti iliyopo. Nje kwenye jua kali kuna mwanga wa karibu laksi 100,000. Ndani ya chumba cha kawaida mchana ni laksi mia kadhaa tu. Jicho lako linajirekebisha bila kukwambia, kamera hairekebiki hivyo. Mpiga picha akitaka ndani kuonekane anaongeza ekspoja, yaani kiasi cha mwanga ambacho kamera inapokea, na anakubali dirisha liwe jeupe. Nawe fanya hivyo hivyo: usiguse mwanga, panda ekspoja ya kamera, na dirisha liache liungue kiasi.

Likiungua vibaya, yaani jeupe limekatika ghafla bila kufifia, tatizo liko kwenye namna programu inavyogeuza mwanga kuwa rangi za skrini. Kwenye Blender angalia sehemu ya usimamizi wa rangi. Matoleo ya zamani yalikuwa yamewekwa "Standard", na hiyo inaukata mweupe kikatili. Kuanzia 2.80 ikawa Filmic, na kuanzia 4.0 ni AgX. Zote mbili zinaushusha mweupe polepole kama kamera nzuri inavyofanya. Injini nyingine zina kitu cha aina hiyo kwa jina tofauti, mara nyingi ni kitelezi cha kukandamiza sehemu zenye mwanga mkali. Kwenye picha za ndani, hiyo sehemu moja inabadilisha mambo kuliko teksicha (picha ya uso wa mbao, zege na kadhalika) yoyote utakayopakua.

---

Tabaka la Pili

Mwanzisha uzi naheshimu hoja yako ila hapo kwenye taa sikubaliani nawe moja kwa moja. Wapiga picha wa majengo wenyewe wanaongeza taa tangu zamani. Ile picha maarufu ya Julius Shulman ya 1960, Case Study House namba 22 kule Los Angeles, nyumba aliyoisanifu Pierre Koenig, iliyoning'inia juu ya jiji usiku: taa za jiji zilipatikana kwa kuacha kamera wazi kwa muda mrefu, na ndani ya nyumba ukapigwa mwako wa flashi. Mwanga wa chumba kile ulipangwa. Na hakuna anayesema picha ile si ya kweli. Kwa nini anayeanza akatazwe?

---

Kivuli Laini

Mkuu Tabaka, mfano wako ni sahihi na nafurahi umeuleta. Shulman aliongeza mwanga akijua unatoka wapi, unakwenda wapi na utaacha kivuli upande gani. Anayeanza anaongeza taa kuondoa giza, basi, na zinatoka kila upande mpaka hakuna kinachotupa kivuli. Kwa hiyo nakubali nusu: akishaweza kulinganisha chumba kwa mwanga wa dirisha peke yake, aongeze. Tena aongeze kama wapiga picha wanavyofanya, taa moja kubwa laini upande ule ule wa dirisha, ili ionekane dirisha ndilo limezidi nguvu. Au ubao mweupe mkubwa nje ya fremu urudishe mwanga. Hapo picha haivunjiki.

Na taa zinazoonekana kwenye picha, zile za dari au za mezani, zipe rangi yake ya kweli. Mwanga wa balbu ya majumbani ni Kelvini 2700 hadi 3000, wa manjano. Mwanga wa anga ya mawingu uko karibu 6500 au zaidi, unaelekea ubuluu. Vikikutana chumba kimoja jioni unapata mchanganyiko ambao watu wanausaka kwa vichujio vya rangi bila kuupata. Kwa taa za kuzama darini tumia faili za IES, watengenezaji wengi wa taa wanazitoa bure. Ndani yake kuna vipimo vya jinsi taa ile halisi inavyomwaga mwanga, na ndizo zinazochora yale matao ya mwanga ukutani.

---

Zege Tupu

Naomba nichangie upande wa nyuso maana ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Kosa la kwanza ninaloliona ni mweupe. Ukuta mweupe wa kweli, rangi mpya kabisa, unaakisi kama asilimia 80 hivi ya mwanga. Theluji mpya ndiyo inaweza kufika 90. Mtu akiweka 255, 255, 255, yaani mweupe wa mwisho kwenye kompyuta, ameuambia ukuta urudishe mwanga wote, asilimia 100, na mwanga unaruka huku na huku bila kuchoka mpaka kona zote zinapauka. Shusha. Weusi vilevile: hata mkaa unarudisha asilimia 4 hivi, kwa hiyo usiweke sifuri. Kwa mabadiliko hayo mawili tu chumba kinaanza kuwa na kina.

La pili ni kuiacha rafunesi namba moja kwa uso mzima. Rafunesi ni jinsi uso unavyoutawanya mwanga. Ikiwa ndogo unang'aa, ikiwa kubwa unafifia. Sakafu ya kweli haing'ai sawa mahali pote. Pale watu wanapopita imesuguliwa, pembeni kuna vumbi, karibu na mlango kuna mikwaruzo inayoonekana tu ukitazama kuelekea dirishani. Weka ramani ya rafunesi yenye tofauti ndogo, ndogo kweli, kisha isogeze kamera uone mng'ao wa dirisha ukikatikakatika juu ya sakafu. Mtazamaji hatataja sakafu, atasema tu picha imetulia.

Hapo kuna mtego wa kiufundi: ramani za rafunesi na za nomali (zile zinazoigiza mashimo na vinundu vya uso) si rangi, ni namba. Zikiingizwa kama sRGB, yaani rangi za kawaida za skrini, zinapindishwa. Kwenye Blender zichagulie "Non-Color". Na ramani za nomali zina aina mbili, OpenGL na DirectX, zinazotofautiana kwa chaneli ya kijani kuwa imegeuzwa. Blender inasoma OpenGL, Unreal inasoma DirectX. Ukichanganya, mashimo yanakuwa vinundu, na unaweza kuhangaika wiki nzima na mwanga kumbe mwanga hauna tatizo.

La tatu, kipimo cha teksicha. Hapa nitoe mfano wa zege kwa kuwa nalipenda. Angalia kwa karibu kuta za Tadao Ando, msanifu majengo wa Japani, Kanisa la Mwanga la 1989 kwa mfano. Zege lake halikumwagwa kama uji kwenye ukuta mzima. Kuna mistari myembamba inayogawa ukuta katika mistatili ya sentimita 90 kwa 180, ambayo ni ukubwa wa bodi za fomu (kiunzi cha kumwagia zege), na kila mstatili una matundu ya duara yaliyopangwa, mahali fomu zilipofungwa. Kila bodi imeacha rangi tofauti kidogo na ya jirani yake. Karibu na mistari pameiva zaidi. Sasa mtu anachukua teksicha moja ya zege, anaitandaza mita 6 kwa 3 bila mshono hata mmoja, halafu anashangaa ukuta unaonekana kama karatasi. Zege linasimulia lilivyojengwa. Tofali ni hivyo hivyo: la Uingereza lina milimita 215 kwa 65 usoni, na mota (udongo wa saruji wa kuunganishia) katikati milimita 10. Pima teksicha yako dhidi ya mlango. Ukihesabu mistari ya tofali kwenye urefu wa mlango wa mita 2.1, itakuwa 28. Ukipata 15, ukuta wako umejengwa kwa matofali ya majitu.

---

Mwanafunzi wa Ramani

Nimehesabu yangu sasa hivi. 17. Asante sana mkuu Zege, sikuwahi kufikiria kuhesabu.

Na kingo je? Nasikia watu wanasema kona zisiwe kali.

---

Zege Tupu

Ndiyo. Hakuna kona duniani isiyo na mviringo. Meza ya mbao ina milimita 1 au 2, kaunta ya jiwe labda 3, ukuta wa plasta una ukingo uliofifia na usionyooka sana. Ule mviringo mdogo ndio unaoshika mstari wa mwanga pembeni mwa kitu, na ndio unaotenganisha meza na ukuta wa nyuma yake hata kama vina rangi moja. Tumia beveli kwenye modeli, au beveli ya nyenzo kama injini yako inayo. Ila usizidishe, kabati likiwa na mviringo wa sentimita linageuka sabuni.

---

Jicho la Ukutani

Jamani mimi nauliza kuhusu lenzi. Vyumba ninavyorenda ni vidogo, nisipoweka lenzi pana ya milimita 14 au 16 sioni kitu. Lakini vitu vya pembeni vinavutika.

---

Kivuli Laini

Dada, toka nje ya chumba. Kwenye kompyuta una uhuru ambao mpiga picha hana: kata ukuta wa nyuma yako au tumia mkato wa kamera, rudi nyuma, halafu tumia milimita 24 hadi 35. Pia jiulize kama ni lazima chumba chote kionekane. Picha nyingi nzuri za ndani zinaonyesha kona moja, nusu ya kiti, kipande cha dirisha.

Kamera iweke kati ya mita 1.2 na 1.6 kutoka sakafuni, na isiinamishwe. Ikitazama mbele bila kuinama, mistari ya wima inabaki wima. Ukitaka kuona dari zaidi au sakafu zaidi, tumia "shift" (kuhamisha picha juu au chini bila kuinamisha kamera), usiigeuze kamera. Wapiga picha wa majengo wana lenzi maalumu za kuhama kwa kazi hiyo hiyo; Nikon waliitoa ya milimita 35 kwa kamera ndogo mwaka 1962. Kuta zinazoinama ndani ni dalili ya haraka sana ya renda ya anayeanza, na kuirekebisha ni sekunde chache.

---

Pikseli Moja

Kwangu shida ni mashine. Kompyuta ya zamani, picha ina chenga hata nikiiacha usiku kucha. Haya mazoezi si ya wenye mashine kubwa?

---

Tabaka la Pili

Hapana ndugu, na hapa nina la kusema. Chenga hazipungui kwa kasi unayodhani. Ili kuzipunguza kwa nusu unahitaji sampuli (miale inayofuatwa kwa kila pikseli) mara 4, na kwa nusu tena mara 4 nyingine. Kwa hiyo kuongeza sampuli bila kikomo ni kuikimbilia mashine kubwa bure. Fanya hivi: majaribio yote yafanye kwa nusu ya upana na nusu ya urefu, hiyo ni robo ya pikseli. Renda kipande tu unachokirekebisha, si picha nzima. Washa kisafisha chenga, Blender inacho cha Intel tangu 2.81, kinafanya kazi hata bila kadi ya michoro. Lakini mpe sampuli za kutosha kwanza, kwa sababu akikosa taarifa anabuni, na teksicha ya mbao inageuka kama imepakwa mafuta.

Halafu tafuta chanzo cha chenga. Mara nyingi ni kioo cha dirisha chenye nyenzo kamili ya kupinda mwanga, na injini inahangaika kupitisha jua ndani yake. Tumia kioo cha kimajengo kinachoruhusu mwanga wa jua kupita moja kwa moja. Au taa ndogo sana yenye nguvu kubwa mno. Na lile zoezi la kijivu ni jepesi kuliko yote, hata mashine dhaifu inalimudu.

---

Jicho la Ukutani

Na mimea, magari, watu? Renda zangu za nje zinakosa uhai.

---

Kivuli Laini

Kwa kifupi: vitu vichache vilivyo bora, na vya aina tofauti. Mti mmoja ukirudiwa mara kumi kwa mwelekeo ule ule jicho linaunasa mara moja, uzungushe na ubadilishe ukubwa kila unapouweka. Majani yapitishe mwanga, jua likiwa nyuma yake yawe ya kijani hai. Kwa anga tumia HDRI, yaani picha ya mazingira ya pande zote inayobeba nguvu ya mwanga wake, Poly Haven wanazo za bure kabisa kwa leseni ya CC0, hata kazi ya mteja unaruhusiwa. Tahadhari moja tu: jua la HDRI na jua uliloongeza mwenyewe yasiwe mawili yanayopingana. Nakutana na vivuli viwili vya jua mara nyingi mno.

---

Pikseli Moja

Swali la mwisho toka kwangu. Siku hizi akili mnemba inachukua renda mbichi na kuifanya ing'ae ndani ya dakika. Kuna haja ya yote haya?

---

Zege Tupu

Ipo. Akili mnemba inakupa picha ya chumba kinachofanana na chako. Dirisha lenye vigawanyo vitatu linarudi na viwili, mshono wa zege unahama, mpini wa mlango unageuka wa aina nyingine. Kwa picha ya kuchangamsha mazungumzo sawa. Kwa mteja atakayejenga kile alichokiona, wewe ndiye utakayeulizwa. Na usipojua mwanga sahihi ukoje, utajuaje ilipokosea?

---

Tabaka la Pili

Niongeze hoja moja inayoupa nguvu uzi huu. IKEA waliweka picha yao ya kwanza ya bidhaa iliyotengenezwa kwa kompyuta kwenye katalogi mwaka 2006, kiti cha mbao kiitwacho Bertil. Miaka michache baadaye, picha zao nyingi za bidhaa moja moja zilikuwa za kompyuta. Njiani walifanya jambo kubwa: wapiga picha wao wakajifunza 3D, na wa 3D wakajifunza kupiga picha. Hiyo ndiyo hoja ya Kivuli Laini. Lile la taa bado nina neno, lakini la kunakili picha halisi naliunga mkono kabisa.

---

Mwanafunzi wa Ramani

Nimerudi wakuu. Nimeambatanisha: kushoto picha halisi, kulia yangu, sasa ina rangi. Ukuta nimeushusha hadi 0.78, tofali zimekuwa 28, taa nimetoa zote. Naona bado kuna kitu.

---

Kivuli Laini

Nimezitazama. Kwanza pongezi, mteremko wa mwanga kutoka dirishani hadi nyuma umeupata. Kona ya dari iko sawa kabisa.

Sasa kuza upande wa kushoto chini, skatingi (ule ubao wa chini ya ukuta) inapokutana na sakafu. Kwenye picha halisi pana mwanya wa milimita chache na ndani yake ni giza. Yako imezama ndani ya sakafu, hakuna mwanya. Ipandishe milimita 2. Pazia: la kwao lina mikunjo isiyolingana na pindo linagusa sakafu na kujikunja, lako lina mawimbi yanayofanana kama limekatwa kwa mashine. Lifanyie uigaji wa kitambaa, au tafuta modeli nyingine. Sakafu yako inang'aa hadi mwisho wa chumba kwa kiasi kile kile. Fuata alichosema Zege Tupu kuhusu rafunesi.

Na ile buluu umeiongeza mwisho kwenye kuhariri, sivyo? Iko hata ndani ya vivuli vya mbao, mahali ambapo kwenye picha halisi pana joto kidogo, kwa sababu mwanga umeshagonga sakafu ya mbao kabla ya kufika pale. Iondoe, uache sakafu yenyewe ipake rangi ukuta. Anza na skatingi na sakafu, pazia liwe la mwisho maana ndilo litakalokula muda. Ukimaliza weka hapa toleo la kijivu pamoja na la rangi, tuyaone yote mawili.